Msaada Usioandikwa Hufa na Mtoaji

Haya ni maneno ya mtumishi mstaafu wa maendeleo ya jamii, aliyoyatoa mbele ya wenyeviti wapya wa vijiji na vitongoji, Kilwa Masoko, Desemba 2024.

Wenyeviti mliochaguliwa tarehe 27 Novemba, nawapongeza kwa kuaminiwa, na nawapa pole kwa kazi, maana hongera ya uongozi na pole yake husafiri katika mashua moja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanda kwa gharama za maisha na namna serikali za mitaa zinavyoweza kumsaidia mwananchi. Mimi ni mstaafu. Sina muhuri, sina fungu la fedha, wala sina saini ya kumfaa mtu. Nilichobakiwa nacho ni mambo niliyojifunza kwa muda mrefu, na baadhi yake niliyajifunza kwa kukosea. Hayo ndiyo nitakayowapa.

Nianze na lile tusiloweza, kwa sababu kiongozi anayeahidi asichokiweza humwongezea mwananchi hasara. Bei ya petroli na dizeli hatuipangi sisi. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nyuma ya tangazo hilo kuna bei ya soko la dunia na thamani ya shilingi yetu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoipandisha bei hiyo, ilibidi Serikali Kuu itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni pekee. Halmashauri ya wilaya haina kifua cha kupambana na wimbi la namna hiyo. Na dizeli ikipanda, huku kwetu hupanda nayo nauli ya Nangurukuru, barafu ya mvuvi, gharama ya kusaga mahindi na bei ya sabuni dukani.

Tena sisi wa ukanda huu tuna mzigo wetu wa pekee, nao ni barabara. Mapema Mei mwaka huu, kimbunga Hidaya kilipotupitia, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga na mahali pengine. Magari yalilala njiani. Kila aliyekuwa na gunia la unga dukani alijua kwamba usiku ule thamani yake imebadilika. Wenye umri wangu tulikumbuka enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ambapo mvua ikikaza Kusini yote huwa kisiwa. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba mwenyekiti wa kijiji ataishusha bei ya mafuta ya kula. Hataishusha.

Lakini, ndugu zangu, baina ya bei ya dukani na chungu kilicho jikoni kuna mizigo mingine midogo midogo ambayo haitoki ng'ambo wala haiji na meli. Kuna ushuru uliotozwa pasipostahili. Kuna nauli ya safari iliyofanywa bure kwa sababu karatasi haikukamilika. Kuna matibabu yaliyolipiwa na mtu aliyestahili kusamehewa. Kuna riba ya mkopeshaji wa mtaani. Mizigo hiyo tumeitwika wananchi sisi wenyewe, au tumewaacha waibebe ilhali tunaona. Hiyo ndiyo iliyo ndani ya uwezo wetu kuitua, na juu ya hiyo ndipo mazungumzo yangu yanapokaa.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo katika historia ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa Kisiwani. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Maskini akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akampa.

Kisa hiki tunapenda sana kukisimulia, hasa tunapowatembeza wageni kwenye magofu. Sehemu yake ya pili tunaisimulia kwa nadra. Sultani yule alipofariki, alirithiwa na nduguye Dawud, ambaye tabia yake ilikuwa kinyume kabisa. Maskini alipomwendea, alijibiwa kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha kitu cha kutolewa.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Zamani nililiona ni la mtu bahili. Sasa naona lina ukweli ndani yake. Ukarimu wa al-Hasan ulikuwa mkubwa, lakini ulikaa ndani ya moyo wa mtu mmoja. Hapakuwa na daftari la nani anastahili nini, wala kanuni ambayo mrithi angelazimika kuifuata. Moyo ule ulipozimika, haki ya maskini ilizimika nao. Ninyi mmekaa leo katika viti ambavyo mwezi mmoja uliopita vilikaliwa na wengine. Jiulizeni: mama aliyekuwa akisaidiwa na mwenyekiti aliyepita, kwa sababu mwenyekiti yule alimjua na kumhurumia, leo anakwenda kwa nani?

Sasa niwaeleze kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kazini, alinijia bibi mmoja kutoka kisiwani. Alivuka kwa mashua alfajiri, akapanda gari hadi ofisini kwetu. Alikuwa na umri unaozidi miaka 70, na ametumwa na wahudumu wa afya alete barua ya utambulisho ili apewe msamaha wa gharama za matibabu. Barua ya kijijini anayo, ila haina muhuri. Nilimwambia, kwa adabu zote, arudi kijijini ikagongwe muhuri kisha aje tena. Nilifuata utaratibu. Bibi akanishukuru, akaondoka. Hakurudi.

Mwaka uliofuata nilipita kisiwani kwake kwa kazi nyingine. Nikamkuta ameketi barazani. Nilimuuliza habari za matibabu, akasema alitibiwa, alhamdulillahi. Alipataje fedha? Aliweka rehani minazi miwili kwa jirani. Wakati tukizungumza, nazi ilianguka nyuma ya nyumba, na mtoto wa jirani akaja kuiokota. Bibi hakulalamika. Aliniambia tu kwamba nauli ya kwenda na kurudi mara ya pili ilimshinda.

Sikiteni vizuri hesabu hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na Sera ya Afya ya mwaka 2007, zinasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Haki ilikuwapo. Fedha haikuhitajika hata shilingi moja. Kilichokosekana ni muhuri, na mimi mwenye kazi ya kumsaidia sikuinua simu kumpigia mtendaji wake. Minazi miwili ya mjane ilikwenda kwa sababu ya wino. Tangu siku hiyo sijapata kuamini kwamba msaada umetolewa kwa kuwa tu umeandikwa katika waraka. Waraka ule ulikuwa umeandikwa Dodoma na Dar es Salaam. Kwenye ubao wa kijiji cha bibi yule haukuwa umeandikwa popote.

Kutokana na hayo, nina mambo matano ya kuwaomba.

La kwanza ni orodha ya wazee, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Msingoje mzee augue ndipo mtafute barua. Kila mwenyekiti wa kitongoji anawajua wazee wake kwa majina. Mwezi huu, kabla masika hayajafunga njia, kaeni na mtendaji wa kijiji, andikeni orodha, igongwe muhuri, nakala iende zahanati na nakala ibaki ofisini. Kwa vijiji vya visiwani na vya ndani kabisa, kama vile vya upande wa Njinjo na Kipatimu, mtumishi aifuate orodha. Mzee asiifuate ofisi. Nauli ya mtumishi mmoja ni ndogo kuliko nauli za wazee 40.

Na kwa kaya zenye uwezo kiasi, kuna Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao, kwa mwaka huu wa 2024, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka hutibu kaya ya watu sita kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 italeta utaratibu mpana zaidi, lakini ugonjwa hausubiri kanuni. Tatizo letu ni majira. Tunawahimiza watu wajiunge mwezi Februari, wakati ghala ni tupu na mfuko ni mtupu. Fedha ya ufuta huja katikati ya mwaka, na ya korosho huja wakati huu wa mwisho wa mwaka. Mhamasishaji apatikane siku ya malipo, pale pale kwenye chama cha msingi.

La pili ni kutotoza kisichostahili kutozwa. Nalisema hili kwa uwazi nikijua Halmashauri inahitaji mapato, na nikijua mishahara na madawati hutoka humo. Ushuru halali ulipwe, na stakabadhi ya mashine itolewe. Lakini sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 iliushusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, na ushuru huo ni wa mnunuzi. Tena ikaelekezwa kwamba mzigo wa mazao usiozidi tani moja usitozwe ushuru unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia moja. Mama anayepeleka magunia matatu ya muhogo upande wa Rufiji au Lindi hapaswi kusimamishwa kizuizini. Anapotozwa, hailipi yeye peke yake. Hulipa na yule anayenunua muhogo ule sokoni.

Januari nayo iko mlangoni. Ada ya shule za sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi, nasi sote tunaijua hesabu yake. Mchango wowote unaoongezwa juu ya hapo ukubaliwe na wazazi katika mkutano, uandikwe, na asirudishwe nyumbani mtoto ambaye mzazi wake hajautoa. Mtoto hana deni.

La tatu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF. Mnaujua: walengwa hutambuliwa katika mkutano wa kijiji, hupewa ruzuku, na wenye nguvu hupata ajira za muda. Hapa ndipo kiongozi mpya hujaribiwa mapema. Ndugu zake watakuja usiku. Waliomfanyia kampeni watakuja na hesabu ya nazi walizopasua. Nawaomba msiongeze jina wala msilifute nje ya mkutano. Kijiji kina macho. Watu wakishaona kwamba orodha ya maskini ni orodha ya jamaa, hawatakuja tena mkutanoni, na kijiji kisichokutana hakiwezi kusaidiana hata siku ya kimbunga.

La nne ni mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro, na mwaka huu imerejeshwa kwa kanuni mpya. Mahali ambapo mkopo huu hauonekani, mwananchi huuona mwingine. Mchuuza samaki wa Kivinje na mama ntilie wa stendi huangukia kwa wale tunaowaita kausha damu, na jina hilo halikutungwa kwa mzaha. Mkulima naye huangukia kwenye kangomba: anauza korosho au ufuta ungali shambani, kwa bakuli, kwa bei ya dhiki, ili apate dawa au unga wa wiki moja. Msimu ukifika, mnada unapigwa na bei inatangazwa, na yeye anaisikia tu redioni.

Kumkataza kwa maneno mtu mwenye njaa asiuze kangomba ni kazi bure. Mpeni njia nyingine. Afisa maendeleo ya jamii wa kata afike kijijini aeleze namna ya kusajili kikundi na kuandika andiko la mradi, kwa lugha ya kikundi chenyewe. Vikundi vya wakaanga samaki, wakulima wa mwani na waendesha bodaboda visikae kungoja wakala wa kuwaandikia kwa malipo. Na mliokopa mrejeshe, kwa maana fedha ile ni ya kikundi kilicho nyuma yenu kwenye foleni.

La tano ni hesabu. Wananchi wetu huuliza swali ambalo hatupaswi kulikwepa: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inakwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme, mbona sisi tulio karibu nayo maisha yetu ni ghali vile vile? Jibu la kweli lina sehemu mbili. Bei ya umeme hupangwa kitaifa, si wilayani. Lakini Halmashauri hupokea ushuru wa huduma, ambao mwaka huu wa 2024 ni asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni yanayofanya shughuli zake katika eneo lake. Fedha hiyo ina njia yake ya kuingia na ya kutoka, na mwananchi ana haki ya kuziona zote mbili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo ndio mahali pa kusoma mapato na matumizi, kuanzia ya kijiji na, kupitia diwani, ya Halmashauri.

Wala si lazima kila kitu kitoke Masoko. Vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya yetu hii, mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi mzuri wa misitu yao, jambo ambalo misitu ya asili inayomilikiwa na vijiji barani Afrika haikuwa imewahi kulipata. Mpingo uliokuwa ukiondoka usiku ukaanza kuuzwa mchana, kwa stakabadhi, na vijiji vyenye misitu ya namna hiyo vimepata mapato ya kujengea na kuhudumia watu wake. Siri yake haikuwa wingi wa miti, kwani miti ilikuwapo kabla ya hapo. Waliandika mipaka, wakaandika kanuni, wakaandika mapato, wakavisoma vyote hadharani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie. Sikuwaomba fedha mpya, kwa sababu najua hazipo. Nimewaomba orodha moja, daftari moja, ubao mmoja na mkutano mmoja kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ubao huo, kwa maandishi makubwa, pawe na mambo haya: nani hutibiwa bila malipo, mzigo gani hautozwi ushuru, mchango gani wa shule umekubaliwa na wazazi, mkopo unaombwaje, na mkutano ujao ni lini. Pawe pia na maelezo ya nani anashughulika na nini: barabara za vijijini ni TARURA, maji ya vijijini ni RUWASA. Mwananchi asipande gari mara mbili kwa jambo ambalo ubao ungemweleza bila nauli. Na asiyejua kusoma asomewe, bila kuonyeshwa uso wa kukereka.

Ukarimu msiuache. Kilwa bila ukarimu si Kilwa. Ukiwa na cha kumpa jirani, mpe, wala usingoje waraka. Ila msiufanye ukarimu wenu kuwa ndiyo serikali. Miaka mitano si mingi. Siku mtakapokabidhi viti hivyo, mzee wa kijijini kwenu akienda kwa mrithi wenu asijibiwe kwamba aliyekuwa akitoa hayupo tena. Mrithi huyo afungue daftari, alikute jina lake.

Bibi yule wa kisiwani amekwisha kutangulia mbele ya haki. Minazi yake miwili, nijuavyo mimi, bado inazaa.